Kwa nini bakapu ya sevu zako ilirudi ya Januari

Swali

Shikamoo fundi. Niko Kihesa, Iringa. Mimi na mdogo wangu tunatumia DS Lite moja, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, yenye kadi ya R4 (kadi ya flashi inayofungua gemu zilizo kwenye memori kadi), tuliipata ikiwa imeshatumika. Kila Jumapili nilikuwa nachomoa memori kadi, ya GB 4, naiweka kwenye laptopu, halafu programu ya kulinganisha folda inakopi sevu zote, yaani faili zinazotunza mchezo ulipofikia. Wiki iliyopita memori kadi iligoma, laptopu ikataka niifomati. Sikuwa na wasiwasi kwa sababu bakapu ninayo. Nimenunua memori kadi mpya ya GB 32, nimerudisha kila kitu na gemu zinafunguka, lakini Pokémon Platinum ya mdogo wangu imerudi pale alipokuwa Januari. Ameicheza mpaka mwisho wa Juni, zaidi ya saa mia. Kadi ya zamani sijaifomati. Je, sevu yake inaweza kupatikana? Bakapu yangu ilikosea wapi? Na sasa anataka ahamie kwenye simu, sijui kama inawezekana. Nisaidie, leo siku ya tatu haongei na mimi.

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kamwene, na uwasalimie wote hapo Kihesa.

Kwanza nakushukuru kwa kutoifomati ile kadi. Wengi wanaonifikia hapa Mwanjelwa, Mbeya, hubonyeza kwanza, ndipo waulize. Wewe umeuliza kwanza, na kwa sababu hiyo mdogo wako bado ana nafasi.

Tuanze na kadi ya zamani, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Itoe kwenye laptopu, iweke kwenye kipochi chake, bandika karatasi yenye neno USIGUSE. Usiirudishe kwenye DS kujaribu bahati. Wala usimruhusu mtu "airekebishe" kwa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, hata kama ni fundi unayemwamini. Chkdsk hurekebisha kwa kuandika juu ya kadi hiyo hiyo, na vipande isivyovielewa huvitupa kwenye folda iitwayo FOUND.000, vikiwa havina majina. Sasa hivi kila kitu kinachoandikwa kwenye kadi hiyo kinaweza kuangukia juu ya zile saa mia.

Siku ukiwa na muda na umeme wa uhakika, ichomeke kwenye laptopu. Windows ikidai kufomati, kataa. Fungua sehemu ya usimamizi wa diski, uangalie kadi inaonekanaje. Ikionyesha ukubwa wake wa kawaida, yaani kama GB 3.7 hivi, na kuandika RAW mahali pa aina ya mfumo wa faili, hiyo ni habari njema. Maana yake daftari la majina ndilo lililoharibika, mizigo yenyewe bado iko ghalani. Ikionyesha sifuri, au isionekane kabisa hata kwenye kadi rida nyingine, basi kidhibiti kilicho ndani ya kadi kimekufa. Hapo hakuna programu itakayokusaidia, na usikubali kumlipa mtu anayekuahidi kuwa ipo.

Kama inaonekana, usianze kutafuta sevu moja kwa moja kwenye kadi. Chukua kwanza picha ya kadi nzima, sekta kwa sekta (yaani kipande kwa kipande), iwe faili moja kubwa ndani ya laptopu. Win32 Disk Imager inafanya kazi hiyo: chagua herufi ya kadi, andika jina la faili, kisha bonyeza "Read". Soma neno hilo vizuri kabla ya kubonyeza, kwa sababu kitufe cha jirani yake ni "Write", na hicho kitaandika juu ya kadi. Kwa GB 4 ni dakika chache. Ikikwama katikati kwa sababu ya sekta zilizooza, tafuta mtu mwenye Linux akutumie ddrescue. Programu hiyo huruka sehemu mbovu, huchukua kwanza zilizo nzima, kisha hurudi kuzing'ang'ania zile ngumu. Ukishapata picha, kadi rudi kwenye kipochi. Kazi yote iliyobaki fanya kwenye picha, na hata ukikosea mara kumi hujapoteza kitu.

Picha hiyo ifungue kwa TestDisk. Ni ya bure, haina madirisha mazuri, unatembea kwa mishale ya kibodi, lakini hapa ndiyo yenyewe. Kadi yako imefomatiwa FAT32, na FAT32 ni mfumo wenye tahadhari: sekta ya kwanza inayoeleza kadi imepangwaje ina nakala yake sekta chache mbele, na jedwali linaloonyesha kila faili liko wapi limeandikwa mara mbili. Mara nyingi kilichoharibika ni kimoja tu kati ya vile viwili. TestDisk hulinganisha, na ikiona nakala ni nzima hukuwezesha kuorodhesha faili kwa majina yake na kuzikopi kwenda kwenye laptopu. Unachotafuta ni faili lenye jina la ile Platinum, lenye mwisho wa .sav na uzito wa baiti 524,288 kamili.

Watu watakuambia utumie PhotoRec, ambayo hutoka kwenye kifurushi hicho hicho. Kwa picha na video ni nzuri sana. Kwa sevu haifai, na ni vizuri ujue sababu usije ukakata tamaa bure. PhotoRec haitazami majina. Inatambua faili kwa alama zinazoanzia faili lenyewe. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza daima na baiti zile zile. Sevu ya DS haina alama kama hiyo. Ni data ghafi ya gemu, kila gemu na mpangilio wake. PhotoRec itapita juu yake bila kuiona, kisha ikuambie haikupata kitu, nawe utaamini sevu haipo.

Ukilipata faili, usiliweke moja kwa moja kwenye R4. Fanya nakala, na nakala hiyo uifungue kwenye laptopu kwa emuleta ya melonDS, yaani programu inayoiga DS. Ile skrini ya kuendelea na mchezo huonyesha jina la mchezaji, beji na muda aliocheza. Muda ukisoma saa mia na kitu, mwite mdogo wako aone kwa macho yake. Na hata faili likiwa limeumia kidogo, lijaribu tu. Platinum huweka sevu mbili ndani ya faili moja, kila moja katika nusu yake ya kilobaiti 256. Nusu moja ikioza, gemu husema sevu imeharibika na kupakia iliyotangulia. Atapoteza kipande kidogo cha mwisho, lakini miezi ile atakuwa nayo.

Sasa nije kwenye swali ambalo naona ndilo linalokuuma zaidi: bakapu ilikosea wapi, wakati ulikuwa unaifanya kila Jumapili bila kukosa? Hukuzembea, mdogo wangu. Mwambie hivyo na mdogo wako.

Tatizo ni jinsi R4 inavyohifadhi sevu. Kwenye kadi halisi ya Nintendo, gemu huandika sevu kwenye chipu ndogo iliyomo ndani ya kadi yenyewe. Kadi ya flashi haina chipu hiyo, kwa hiyo huidanganya gemu: kila gemu inapodhani inaandika kwenye chipu, maandishi yanaelekezwa kwenye faili la .sav ndani ya memori kadi. Siku ya kwanza unapofungua gemu mpya, R4 hutengeneza faili hilo likiwa na ukubwa wake wote, kwa kawaida kilobaiti 512, ingawa ndani bado ni tupu. Kuanzia hapo gemu huandika humo humo. Faili halikui wala halipungui, na kwa sababu R4 huandika moja kwa moja kwenye sekta za faili, kadi nyingi hazigusi hata tarehe yake.

Fikiria daftari la duka. Juu ya jalada limeandikwa "Januari, kurasa 512". Mwenye duka anaandika ndani kila siku, Februari, Machi, mpaka Juni, lakini jalada halibadilishi. Sasa unamtuma kijana kila Jumapili: "Nenda kaangalie daftari lipi limebadilika, unikopie." Kijana anatazama majalada tu. Anaona Januari, kurasa 512. Anatazama nakala iliyoko nyumbani: Januari, kurasa 512. Anarudi na kusema, "Hili tunalo." Ndivyo programu yako ilivyofanya kila wiki kwa miezi mitano, na kila wiki ikakuandikia kuwa kazi imekamilika. FreeFileSync na nyingi za aina hiyo, usipozibadilishia mpangilio, hulinganisha faili kwa ukubwa na muda. Kwa barua na picha njia hiyo inatosha kabisa. Kwa sevu za kadi ya flashi inakuacha uchi.

Unaweza kuiambia ilinganishe yaliyomo ndani ya faili badala ya muda na ukubwa, na uchaguzi huo upo kwenye mipangilio yake. Lakini mimi nakuomba uachane kabisa na programu ya kulinganisha kwa kazi hii. Kuna hatari nyingine kubwa kuliko ya kuruka faili. Siku sevu ikiharibika kwenye memori kadi, programu iliyowekwa mtindo wa kioo itaichukua ile mbovu na kuilaza juu ya nzima. Jumapili moja tu inatosha kukuacha na nakala mbili za uharibifu.

Fanya hivi. Kila Jumapili tengeneza folda mpya yenye tarehe, ukianza na mwaka ili zijipange zenyewe: 2025-06-29, kisha 2025-07-06. Kopi ndani yake sevu zote, bila kuchagua na bila kubadilisha chochote cha nyuma. Usiogope nafasi. Ukiwa na gemu thelathini zenye sevu za kilobaiti 512 kila moja, hiyo ni megabaiti 15 kwa wiki. Mwaka mzima haufiki megabaiti 800. Ukizibana kwa zip zinapungua tena. Video moja ndefu ya harusi inakula zaidi ya hapo.

Hiyo zip ina faida nyingine ambayo naipenda sana, kwa sababu inakuonyesha kilichomo ndani bila kufungua gemu. Sevu tupu ni baiti ile ile inayojirudia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ikibanwa inayeyuka kabisa: kilobaiti 512 inakuwa kilobaiti moja au pungufu. Sevu yenye mchezo ndani inabaki na uzito. Ukibana sevu moja moja na mojawapo ikatoka nyepesi kama unyoya, simama hapo hapo. Umekopi gamba.

Kipimo cha pili ni alama ya faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Baiti moja ikibadilika ndani ya faili, mstari wote unabadilika. Kwa hiyo chukua alama ya Platinum ya wiki hii, ilinganishe na ya wiki iliyopita. Kama mdogo wako amecheza na kusevu halafu alama ni ile ile, kuna kitu kimekwama, kitafute kabla hujalala. Januari hiyo ungeigundua Jumapili ya pili tu. Na mara moja kwa mwezi chagua sevu yoyote kwenye bakapu, ifungue kwenye emuleta, usome muda. Dakika tano zinatosha.

Folda zikae wapi? Laptopuni, hiyo moja. Flashi ya kawaida unayompa mtu wa nyumba nyingine, hiyo mbili. Kama mna shangazi Mafinga au Ilula, mwachie yeye. Ya tatu itume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Gmail inakubali kiambatisho cha hadi megabaiti 25, na zip yako ya wiki itaingia bila kusukumwa. Bando halitaumia.

Nakala moja moja ya kadi nzima nayo uwe nayo, pamoja na folda za mfumo wa R4. Sababu ni hii. Mahakama ya Tokyo ilizuia uuzaji wa kadi hizi mwaka 2009, na Mahakama Kuu ya London ikafuata 2010, kwa kuwa nyingi zilitumika kuchezea gemu za kunakili bila ruhusa. Soko nalo lilijaa kadi za kuiga zenye jina lile lile. Mfumo wa kadi yako ukipotea, kuupata unaolingana nayo ni kazi ya kubahatisha, na ukiweka usiolingana kadi haitawaka. Baadhi ya kadi za kuiga zina hata mfumo uliotegewa tarehe: siku ikifika, kadi inakataa kufungua gemu na kukuelekeza upakue mfumo mpya. Ikikutokea, usifute kitu. Rudisha nyuma kalenda ya DS, mara nyingi inafunguka. Na kama gemu zenyewe unaweza kuzinunua kwenye kadi halisi, zinunue. Zinapatikana zilizotumika, na sevu za kadi halisi nazo zinaweza kutolewa na kuhifadhiwa.

Kwamba memori kadi ya GB 32 imekubali kunanionyesha R4 yako si ile ya kwanza kabisa, maana ile haisomi zaidi ya GB 2 na ingekuandikia kwamba haioni faili la _DS_MENU.DAT. Yako ni ya kizazi cha baadaye, na GB 32 ndio mpaka wake wa salama. Usije ukashawishika na GB 64.

Hiyo mpya, hata hivyo, umeijaribu? Sisemi muuzaji ni mwongo. Nasema memori kadi za bandia ziko kila soko, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui. Kadi inajitambulisha kuwa ni GB 32, ndani ina 4 au 8. Unaandika vizuri mpaka unapofika ukingo wa kweli, halafu kila kinachofuata kinapotea kimya kimya, au kinaandikwa juu ya vya mwanzo. Jina la faili linaonekana, ukubwa unaonekana, ndani hakuna kitu. Toa kila ulichoweka humo, uendeshe H2testw, programu ya kupima memori kadi, uiruhusu ijaze kadi nzima na kuisoma tena. Itachukua saa moja au zaidi. Ikimaliza bila makosa, futa mafaili yake ya majaribio, fomati kwa FAT32, ndipo urudishe gemu. Kadi isiyopita mtihani huo irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Nina sababu ya kusisitiza. Miaka ya nyuma kijana wa Uyole aliniletea kadi yake, R4 hizi hizi, ikiwa imegoma kama yako. Nilimuuliza, "Una bakapu?" Akajibu anayo kwa rafiki yake. Nikaifomati, ikapona, nikamkabidhi kwa furaha. Baada ya siku mbili alirudi. Bakapu ya rafiki ilikuwa na gemu zote na sevu zote, majina yote sahihi, na zote zilikuwa tupu. Marehemu kaka yake ndiye aliyecheza sevu ile kubwa. Jina lake lilikuwa humo ndani, kwenye kadi ya mchezaji. Tangu siku hiyo kadi yoyote inayoingia kwangu inapigwa picha kwanza, mteja asipotaka naipiga bure.

Mengine yanayoua sevu ni madogo, ila yanajirudia. Kubwa kuliko yote ni kuchomoa memori kadi kwenye laptopu au simu bila kuitoa kwa utaratibu. DS inapoandika sevu haibadilishi jedwali la faili, lakini laptopu hulibadilisha kila unapokopi au kufuta, na ikikatizwa katikati, kadi nzima inageuka RAW. Nashuku ndicho kilichoipata yako. Halafu kuna taa. Taa ya DS Lite ikigeuka nyekundu, sevu mara moja na uchomeke chaji, usisubiri mpaka izime. Gemu inaposema usizime, subiri ujumbe uondoke, ongeza pumzi mbili tatu. Na majira haya ya Juni na Julai, ukiingia na kifaa kutoka kwenye baridi ya usiku hadi chumba chenye jiko la mkaa, umande hujitengeneza ndani. Kiache kwenye mfuko kipate joto taratibu ndipo ukiwashe. Kikilowa usikizike kwenye mchele. Vumbi lake linaingia kwenye meno ya kadi na kukuletea ugonjwa mwingine.

Kwa wasomaji wenye Game Boy Advance na kadi zake za flashi, mambo ni tofauti kidogo. Kadi kama EZ-Flash IV huweka sevu kwanza kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo, na huihamishia kwenye memori kadi pale tu unapowasha tena na kuingia kwenye menyu. Ukizima, ukachomoa memori kadi na kuipeleka kompyutani, unakopi sevu ya jana. Washa tena, subiri menyu, ndipo utoe. Na kwa kadi halisi za Game Boy za miaka ya 90, zile zenye betri ya kushikilia sevu, betri hizo sasa zimezeeka. Toeni sevu zenu mapema.

Turudi kwa mdogo wako na simu. Inawezekana, na ni rahisi kuliko mnavyodhani. melonDS ipo kwa Android pia na inasoma .sav ile ile ya R4 bila kuigeuza. Jambo la kuangalia ni jina. Sevu inatambuliwa kwa jina la gemu: gemu ikiwa Platinum.nds, sevu lazima iwe Platinum.sav, herufi kwa herufi. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, na ikifika angalia simu haijaiongezea "(1)" baada ya jina. Windows nayo hupenda kuficha miisho ya majina, unajikuta na Platinum.sav.sav. Baadhi ya mifumo ya kadi za flashi hutaka Platinum.nds.sav. Jina lisipolingana gemu inaanza upya kana kwamba hujawahi kucheza, na watu wanalia sevu imepotea wakati ipo pale pale, imekaa pembeni ikiwa na jina lisilotambulika. Ikikutokea, usianze mchezo mpya. Zima, rekebisha jina.

Mtu akikupa sevu ya emuleta ya DeSmuME, yenye mwisho wa .dsv, kubadilisha jina tu hakutoshi. Ina baiti 122 za ziada mkiani, kwa hiyo utaona 524,410 badala ya 524,288. Ifungue kwenye DeSmuME yenyewe na uitoe kwa njia ya kusafirisha sevu iliyomo kwenye menyu ya faili. Na mwambie mdogo wako asitegemee ile sevu ya papo kwa papo ya emuleta, inayogandisha mchezo popote. Hiyo haitoki nje ya emuleta iliyoitengeneza. Asevu ndani ya gemu, kama kwenye DS.

Mwisho, mkiwa na DS na simu, sevu zitakuwa mbili, na siku moja mtailaza ya zamani juu ya mpya. Kubalianeni kwamba sevu inakaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Akihamia kwenye simu, kwenye R4 lifanye faili liitwe Platinum-imehamia-simu.sav, ili asiweze kuendelea huko kwa bahati mbaya. Akirudi kwenye DS, mnarudisha ya simu na kuipa jina lake. Kabla ya kila uhamisho, folda yenye tarehe.

Picha ya kadi ya zamani ikigoma kusomeka, au TestDisk isipoonyesha majina, niandikie ukitaja ukubwa inaouonyesha kadi na ujumbe uliotokea, neno kwa neno. Usiitume kwa basi kabla sijakujibu.